Nicanor, Dizeli na Pua ya Mama Mkwe

Itangazwe kwa wazee wa kanisa, kwa manyapara wa mashamba yote kutoka Soy hadi Turbo, kwa karani wa posta, na kwa kila kiumbe wa Uasin Gishu aliyejaliwa pua: kwamba katika mwaka wa hamsini na tano, Wazungu wakiwa bado wanadhani wamekuja kukaa, alitokea Eldoret mtu mmoja, Nicanor Wepukhulu, Mbukusu, Mkristo, mwenye mke mmoja na suruali mbili, ambaye alikabidhiwa gari dogo la dizeli, la pekee katika mji mzima. Wanaume wavue kofia. Wanawake wazibe pua.

Gari lenyewe lilikuwa la Bwana Ndururu. Jina lake la ubatizo lilikuwa refu, na mtu alihitaji kukusanya makohozi kwanza ndipo alitamke, kwa hiyo wafanyakazi wa shamba lake la Kiplombe walimpa jina la ile sarafu ndogo yenye tundu. Lilimkaa vizuri. Alikuwa mdogo, mgumu, na katikati palikosekana kitu.

Mzungu mwenzake alimwambia huko kilabuni kwamba gari la dizeli halimalizi mfuko wa mtu. Hakumwambia mengine. Bwana Ndururu akaliagiza kutoka Ujerumani, jeusi, refu la pua, lenye mlio wa mawe ndani ya debe, akamkabidhi Nicanor ufunguo kama askofu anayemkabidhi padri kundi la kondoo.

"Hii motokaa ya maana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Wewe hapana chezea."

"Ndiyo, Bwana," akasema Nicanor, na siku hiyo alitembea kifua mbele mpaka kwake. Dereva! Tena wa gari dogo! Hakujua kwamba kuendesha ni jambo moja na kulisha ni jambo lingine.

Pale mjini palikuwa na stesheni moja ya petroli iliyouza dizeli pia. Mbele kabisa, barabarani, zilisimama pampu za petroli, zimepakwa rangi, zina vichwa vya kioo vinavyong'aa kama vya malaika. Mzungu akiingia pale anapigiwa saluti, anapanguswa kioo, anaulizwa habari za mbwa wake. Dizeli ilikuwa nyuma, kati ya choo na rundo la matairi mabovu, ndani ya mapipa, kwa sababu dizeli ilikuwa chakula cha trekta na malori, na trekta haliulizwi habari za mbwa. Nicanor alipanga foleni huko na malori ya mahindi kutoka Turbo, kagari kake kakiwa katikati kama mbuzi aliyepotea akaingia foleni ya ng'ombe wanaoenda josho. Dereva wa lori lililo mbele akifika kwenye pipa, anazima injini, anaenda kunywa chai, anakutana na shemeji yake, wanaanza kuzungumza habari za mazishi. Wewe ngoja.

Halafu ukifika, unakutana na Kimutai.

Kimutai ndiye aliyepiga pampu ya dizeli. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na imani thabiti, na imani yake ilikuwa hii: gari dogo hula petroli, gari kubwa hula dizeli, ndivyo Mungu alivyopanga.

"Petroli iko mbele," angesema, hata kabla ya salamu.

"Nataka dizeli."

"Lakini hiyo gari ni ndogo."

"Najua ni ndogo, Kimutai. Hata juma lililopita ilikuwa ndogo. Inakunywa dizeli."

"Nani alikuambia?"

"Wajerumani walioitengeneza."

"Wajerumani si walishindwa vita?"

Siku moja Nicanor alienda chooni, aliporudi akakuta Kimutai amemwonea huruma, amelisukuma gari mpaka mbele, amelijaza petroli. "Nimekuokoa," akamwambia. Walishinda mchana kutwa wakilitapisha lile tangi kwa mpira, na Bwana Ndururu, aliyekuwa akilingoja mjini, akarudi Kiplombe kwa miguu, akitukana kwa lugha ambayo hata farasi wake waliiogopa.

Na hata Kimutai akikubali, kazi ndiyo inaanza. Mdomo wa ile pampu ulitengenezewa malori, mnene kama mguu wa mtoto, na tundu la tangi la gari lilikuwa jembamba kama tundu la kibuyu. Dizeli ikiingia inatoa povu. Povu linapanda haraka kama maziwa yaliyoachiwa mtoto ayachunge jikoni, linafurika, linakumwagikia viatu. Lazima umimine kidogo, ulitikise gari kwa makalio, ungoje povu lilale, umimine tena, halafu uchovye fimbo ndani uone mafuta yamefika wapi, kwa maana mshale wa kuonyesha mafuta ulikuwa umekufa ukielekeza "imejaa", na uliendelea kushuhudia hivyo bila aibu, kama shahidi aliyelipwa. Ukimaliza, mikono inanuka, viatu vinanuka, fimbo inanuka, na ufunguo unanuka. Petroli ikikumwagikia inapeperuka na kwenda zake, ina adabu ya mgeni. Dizeli inahamia. Inaleta na kitanda.

Aliyepata tabu kuliko wote ni Nelima, mkewe. Harufu iliingia kwenye blanketi, ikaingia kwenye ugali, ikaingia kwenye kitabu cha nyimbo, hata zaburi zikawa na ladha ya trekta. Nelima alijaribu majivu. Alijaribu majani ya mlimau. Alijaribu kumlaza mumewe karibu na mlango, kisha nje ya mlango. Mwishowe mtoto wao, ambaye hata meno hayajaota, alipopokewa na baba yake alikunja uso, akapiga kelele, akamtazama mama yake kwa macho ya kusema, wewe mwanamke, huyu ulimtoa wapi?

Asubuhi ile Nelima akafunga nguo zake kwenye leso.

"Nicanor," akasema, "mimi niliolewa na mtu. Gereji sikuolewa nayo."

Akaenda kwao Turbo. Na kwao Turbo ndiko kulikokuwa na pua yenyewe.

Mama yake Nelima aliitwa Mama Selpha. Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, mwanamke mrefu, safi kama sahani, na pua yake iliheshimiwa kuliko mahakama. Ilisemekana anaweza kusimama mlangoni mwa kanisa na kujua nani jana alipita kilabu cha busaa, na alikunywa ngapi. Mumewe, Mzee Nyongesa, alikuwa mtu wa amani aliyekubaliana na kila aliyezungumza mwisho, na kwa kuwa nyumbani mwake aliyezungumza mwisho alikuwa mtu mmoja tu, ndoa yao ilisifiwa sana. Kutoka kwa hao wawili ukamfikia Nicanor ujumbe: siku atakayokuja ananuka kama binadamu, atamchukua mkewe. Akija ananuka kama lori, akaoe lori.

Basi Nicanor akakaa Kiplombe, analala peke yake na harufu yake, anamkumbuka Nelima, anamkumbuka mpaka yule mtoto mwenye dharau.

Bahati ikaja siku ya Jumamosi. Bwana Ndururu alitaka mbegu zipelekwe kwa rafiki yake Turbo, akaandika cheti cha ruhusa. Nicanor alishuka mtoni na kipande kizima cha sabuni, akajisugua mpaka akakaribia kubadilisha kabila. Akavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Ile fimbo ya kupimia mafuta akaiacha nyumbani, kwa sababu ilikuwa inanuka kuliko yeye. Akaapa mbele ya Mungu kwamba leo dizeli haitamgusa.

Stesheni alishuka, akafungua kifuniko cha tangi kwa kipande cha jani la mgomba, kisha akaenda kusimama mbali, upande upepo unakotoka, kitambaa puani.

Kimutai akamtazama kutoka juu hadi chini. "Leo umekuwa DC?"

"Jaza tu."

"Kwani huji kutikisa?"

"Tikisa wewe."

"Mimi nimeandikwa kupiga pampu. Kutikisa makalio haiko kwa kazi yangu."

Akapiga pampu. Povu likapanda mara moja mpaka mdomoni, jeupe, limenona, limetulia pale kama krimu ya Wazungu.

"Imejaa!"

"Imejaa kweli?"

"Njoo uone na macho yako."

Nicanor akatazama lile tundu la mafuta, akatazama shati lake. "Hapana," akasema. "Nakuamini."

Ndipo alipokosea. Tangu dizeli ivumbuliwe hakuna aliyemwamini mpiga pampu akafika alikokuwa akienda. Alichopewa Nicanor siku ile kilikuwa povu, pamoja na dizeli kidogo ya kulishikilia lile povu. Akaondoka akipiga mluzi.

Turbo alifika vizuri. Akashusha mbegu, akaendesha mpaka nyumbani kwa wakwe, akasimama nje ya ua. Mzee Nyongesa akatumwa kunusa. Alimzunguka Nicanor taratibu kama mtu anayenunua fahali, akanusa bega, akanusa mikono, akanusa nyuma ya masikio.

"Ananuka sabuni!" akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Nusa tena!" ikajibu sauti kutoka jikoni.

Akanusa tena. "Bado ni sabuni, Mama Selpha!"

Kwenye dirisha la nyumba Nelima alikuwa amesimama na mtoto, amejishika mdomo asicheke, na Nicanor alipomwona moyo ulimruka kama klachi iliyoachiliwa vibaya.

"Basi," ile sauti ya jikoni ikasema, "mwambie hivi. Leo nina mkutano wa kina mama Eldoret, mimi ndiye wa kutoa neno, na basi imeharibika. Anipeleke. Nikifika kwa wakati na nguo yangu ikiwa safi, nitajua hiyo gari ni ya watu, na juma lijalo aje amchukue Nelima. Nikifika ninanuka, asinijue tena."

Hapa inabidi kueleza, kwa wale ambao mama wakwe zao huwashika mkono na kuwaomba chumvi. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake ni kama jua na mwezi. Hawakutani. Wakipishana njiani mmoja anaingia kichakani, hata kama kichaka kina siafu. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawakalii kiti kimoja, na mama mkwe kumwona mkwe wake kifua wazi ni jambo la kuitiwa wazee. Ukristo ulikuwa umeondoa mengi, lakini hilo uliliacha palepale, maana hata wamishenari walikuwa na mama wakwe.

Kwa hiyo shuka ikaletwa, ikatundikwa katikati ya gari, kutoka dirisha hadi dirisha. Nicanor akatazama mbele. Mama Selpha akaingia nyuma kinyumenyume, amevaa sare yake nyeupe ya kina mama na kilemba cheupe, na mapajani amempakata kuku jike wa kumpelekea mchungaji. Na kwa kuwa si adabu mama mkwe kusema na mkwe moja kwa moja, na Mzee Nyongesa alibaki kulinda ng'ombe, kuku ndiye aliyefanywa mkalimani.

"Kuku," Mama Selpha akasema walipotoka Turbo, "mwambie anayeendesha apunguze mbio. Sisi si mahindi."

"Kuku," Nicanor akajibu, macho barabarani, "mwambie Mama nimesikia."

Kuku akasema lake.

Wakaenda hivyo, vumbi nyuma, mashamba ya ngano ya Wazungu huku na huku, mpaka wakapita Leseru. Hapo lile gari likakohoa. Likakohoa tena, kama mzee anayetaka kuanza hotuba. Kisha likanyamaza, likabingirika polepole, likasimama katikati ya Uasin Gishu, na mshale wake ukiendelea kuonyesha kwamba tangi limejaa.

Upepo ukavuma.

"Kuku," Mama Selpha akasema mwishowe, kwa upole ambao ulimtisha Nicanor kuliko ukali, "muulize. Tumefika?"

Kwa bahati, ng'ambo ya ua wa shamba palikuwa na trekta linalolima, na pembeni mwa shamba pipa la dizeli. Nicanor akapunga mikono. Dereva wa trekta, mtu anayeitwa Kipngetich, akaja mpaka kwenye seng'enge, akaliangalia gari, akaiangalia shuka, akaangalia kile kivuli kirefu nyuma ya shuka.

"Umebeba maiti?" akanong'ona.

"Mama mkwe."

"Ooh." Kipngetich akavua kofia, kana kwamba hakuona tofauti kubwa. "Na unataka petroli? Hapa hakuna."

"Dizeli."

"Hiyo gari ndogo?"

"Ndugu yangu," akasema Nicanor, na machozi yalikuwa karibu, "usinianzie."

Kipngetich akamjazia debe, akampa bila maneno mengi. "Lakini kusaidia siwezi," akasema, akielekeza kidevu kwenye kilima, ambako Mzungu wake alikuwa amekaa juu ya farasi na darubini. "Yule akiona trekta imesimama anashuka na kiboko." Akakimbia akarudi kulima.

Dizeli ya pipani ilikuwa na vumbi, kutu, na mende mmoja aliyekufa zamani. Lazima ichujwe kwa kitambaa. Nicanor akajipapasa. Kile kitambaa cha puani kilikuwa kimeanguka stesheni. Alikuwa na shati. Akaanza kufungua kifungo cha kwanza, kisha akakumbuka ni nani yuko nyuma, akakifunga. Akakifungua. Akakifunga.

"Kuku," Mama Selpha akasema, maana shuka ile haikuwa nzito sana, "mwambie kifua chake akae nacho. Achukue hii shuka. Mimi nitageuka."

Akageuka akatazama mashamba. Nicanor naye akaitoa shuka huku amefumba macho, akigonga kichwa mlangoni. Akachuja dizeli kwenye shuka, akamimina, na viatu vyake vikapata sehemu yao. Shati bado lilikuwa jeupe. Akawasha. Gari likazunguka, nyir-nyir-nyir, likakataa.

Sasa, gari la petroli likiishiwa, unalimwagia mafuta linaondoka, halina kinyongo. La dizeli likiishiwa linavuta hewa tumboni na kususa. Lazima libembelezwe. Kwenye ubavu wa kushoto wa injini kuna kipampu kidogo cha mkono, cha kusukuma mafuta. Kwenye ubavu wa kulia kuna skrubu ya kutolea hewa. Mmoja anapiga pampu, mwingine analegeza skrubu, wanangoja povu lote litoke mpaka yaje mafuta matupu, ndipo skrubu inakazwa. Mikono ya mtu mmoja haifiki. Nicanor alijaribu. Alilala juu ya injini kama mtu anayekumbatia ng'ombe, akakosa kwa urefu wa kidole.

Barabara ilikuwa tupu huku, na tupu huku. Jua lilikuwa linakwenda zake, na Eldoret kina mama walikuwa wameanza kuimba.

"Kuku," akasema Nicanor, akiwa amelipa gari mgongo, "mwambie Mama... mwambie kuna kapampu."

Kuku akasema lake tena.

"Mwambie nikimkosa Nelima kwa sababu ya kapampu, nitakufa."

Halafu mlango ukafunguka.

"Upande gani?" akauliza Mama Selpha. Safari hii alimsahau kuku kitini.

Ikawa hivi. Lile gari lilikuwa la yale yanayofunguliwa boneti ubavuni, huku na huku, kama mabawa. Ukiyainua yote mawili yanasimama katikati kama ukuta. Mama Selpha akaja upande wa kushoto, Nicanor upande wa kulia, ukuta wa chuma katikati, hakuna anayeona uso wa mwenzake. Chini, kupitia mabomba, kila mmoja aliona mkono wa mwenzake tu, na kila mmoja alijifanya kwamba ni mkono wa mtu mwingine.

"Pampu."

Mkono ukapiga pampu. Mama Selpha alikuwa amekamua ng'ombe na kutwanga mtama maisha yake yote, na kile kipampu cha Wajerumani hakikuwahi kushikwa hivyo. Povu likatoka kwenye skrubu, fyu fyu fyu.

"Polepole, Mama."

"Polepole tutafika lini? Wewe legeza!"

Nicanor akalegeza zaidi. Mama Selpha akaongeza nguvu. Na ile hewa yote ikaisha kwa pamoja, na dizeli ikaruka juu kama chemchemi, ikagonga bawa la boneti, ikagawanyika kwa haki sawasawa: nusu ikashuka kwenye shati la Nicanor, nusu ikapita juu ya ukuta na kutua kwenye kilemba, kwenye sare, na kwenye ile pua.

Nicanor alikaza skrubu akiwa amefumba macho, akingoja kufa. Aliingia, akawasha, gari likawaka mara moja, likifurahi. Nyuma, mlango ukafungwa. Shuka haikuwepo tena, na hakuna aliyeuliza. Mpaka Eldoret kuku hakutumwa neno hata moja.

Kina mama walikuwa kwenye wimbo wa mwisho Mama Selpha alipoingia. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele, mabaka meusi kifuani, kilemba kinadondosha. Benchi la kwanza likahama lote, kwa adabu, huku likiimba. Mke wa mchungaji, Sarah, akainuka kumkumbatia, akafika nusu, akaamua kumpungia mkono. Mama Selpha akatoa neno lake kuhusu usafi wa moyo. Lilikuwa fupi.

Jioni alirudi Turbo kwa basi, ambalo lilikuwa limetengenezwa. Abiria walifungua madirisha yote, kisha wakashauriana kuhusu mlango.

Nicanor alijua yameisha. Alienda kulala bila hata kunawa, maana sasa kunawa ilikuwa ya nini?

Lakini huko Turbo mambo yalikuwa yanakwenda njia yake. Mama Selpha alioga. Alioga tena. Alitumia majivu, alitumia majani ya mlimau, alitumia sabuni ya kufulia na maombi. Akapanda kitandani. Mzee Nyongesa, mtu wa amani, alinusa mara moja, akakusanya blanketi lake, akasimama.

"Unaenda wapi?"

"Kwa ng'ombe."

"Nyongesa, hii ni ajali tu! Itatoka!"

"Mama Selpha," akasema Mzee, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la mwisho alilowahi kusema katika nyumba ile, "wewe ndiye ulisema mtu akinuka lori akaoe lori. Mimi nilikubaliana na wewe. Bado nakubaliana."

Akalala na ng'ombe. Siku ya pili akalala na ng'ombe. Siku ya tatu majirani wakaanza kumsalimia Mama Selpha kwa mbali, kwa sauti ya kufariji. Nelima alikuwa akipita karibu na mama yake huku amezuia pumzi, kisha anatabasamu. Mama Selpha akapiga hesabu. Kama harufu inavunja ndoa, yake ilikuwa inavunjika zizini. Kama haivunji, basi Nelima alikuwa anafanya nini hapa?

Ujumbe ukafika Kiplombe: aje amchukue mkewe, na aje mbele ya wazee, mambo yatengenezwe wazi.

Jumamosi ilipofika Bwana Ndururu alitaka magunia kutoka Turbo. Stesheni, pipa la Kimutai lilikuwa karibu tupu. Malori yalikuwa yamelimaliza. Nicanor alisimama mwenyewe kwenye pampu, akatikisa, akangoja povu lilale, akachovya fimbo. "Itakufikisha na kukurudisha," akasema Kimutai, "ukienda moja kwa moja na usipige porojo." Tena betri ilikuwa imechoka, na Bwana hakutaka kusikia habari ya betri mpya. Kwa hiyo Nicanor alipofika kwa wakwe aliliacha gari likinguruma nje ya ua, maana likizimwa haliwaki, akaingia mbio akidhani ni shughuli ya dakika chache.

Shughuli ya dakika chache! Mbele ya wazee wa Kibukusu, na chai imechemka!

Walianza na sala. Kisha historia ya ukoo wa Nyongesa tangu Mlima Elgon. Kisha swali gumu la mkono: je, Nicanor na mama mkwe wake walikutana, ama hawakukutana?

"Waliona mikono tu," akasema mmoja. "Mkono si mtu."

"Si mtu? Basi ni nani alipiga pampu?"

Hilo lilijadiliwa mpaka chai ya pili. Mzee mmoja alitaka kujua kama pampu ni kama jembe, ambalo mkwe anaweza kulishika baada ya mama mkwe kuliweka chini. Mwingine akasema kosa ni la Wajerumani. Mwishowe wakaamua: Nicanor atoe blanketi jipya kwa mama mkwe wake, ambalo halijawahi kukaribia gari, na aibu yote iishe. Nicanor alikuwa amekuja nalo, limefungwa kwenye karatasi. Likapelekwa jikoni, likanuswa, likapokelewa. Nelima akatolewa nje na mtoto na leso yake ya nguo. Alinuka maziwa na moshi wa kuni. Nicanor alimtazama, akasahau kila kitu.

Wakati huo huo nje, ule mngurumo wa mawe ndani ya debe ukakatika. Pakawa na utulivu mkubwa, ndege wakasikika, na wazee wakatikisa vichwa, wakaona kwamba hata gari limeshika adabu.

Mzee Nyongesa, ambaye usiku uliopita alikuwa amerudi kitandani, akasimama na fimbo yake.

"Mkwe wetu Nicanor," akasema. "Wewe si kama vijana wa siku hizi. Umepita katika aibu kama chuma katika moto. Ulipokwama njiani hukukimbia, ulisimama na mama yako kama mwanamume, upande wako. Leo tunakupa mke wako, tunakupa mtoto wako, na tunakupa barabara. Wajukuu wetu wataambiwa habari zako. Nenda sasa, ukawaendeshe salama mpaka kwako, na Mungu akuongoze kila kona. Lakini kabla hujaenda, wazee hawa wote wanataka kusikia neno kutoka kinywani mwako. Sema, mwanangu."

Wazee wakainamisha vichwa kusikiliza.

Nicanor akainuka, akatega sikio kuelekea nje, akakaa tena.

"Dizeli imekwisha," akasema.